Cheni ya mauntenibaiki ya gia moja inalegea? Usikimbilie kukata pingili

Kila mara tunaletewa mauntenibaiki ya mtumba, mwenyewe katoa gia zote kabakiza moja, na malalamiko ni yaleyale, cheni inachomoka kwenye tuta au akisimama kupanda mlima. Wengine wanakuja wameshakata pingili, sasa cheni haifiki kabisa au bado inaning'inia vilevile.

Shida iko kwenye fremu jamani. Angalia pale ekseli ya nyuma inapokaa, ule mkato wa fremu tunauita mdomo. Zile Phoenix za mizigo mdomo umelala, unalegeza nati, unavuta tairi nyuma, cheni inakaza, imeisha hiyo. Mauntenibaiki nyingi za gia mdomo unaangalia chini, tairi halina pa kwenda, na kazi ya kuvuta cheni ilikuwa ya ule mkono wenye vigurudumu viwili ambao ulitolewa pamoja na gia! Pingili kamili, ya ndani na ya nje, ni milimita 25.4, kwa hiyo ukikata kwa kubahatisha ni nadra sana ikuangukie saizi.

Kama mkono wa zamani bado unao lete, tunaurudishia na kuubana kwa skrubu zake ubaki kwenye gia hiyo moja. Sio mrembo ila unafanya kazi. Kama umeshauza basi tunafunga kikaza cheni cha kigurudumu kimoja, na hapo gia ya mbele na ya nyuma lazima ziwe mstari mmoja, zikipishana itadondoka tu hata uikaze vipi.

Wenye mdomo uliolala chukua spana namba 15, legeza nati zote mbili, vuta tairi, bana kwanza upande wa cheni, nyoosha tairi likae katikati ya fremu, ndio ubane kushoto. Ukiisukuma cheni kwa kidole katikati icheze kama sentimita 1, na zungusha pedeli taratibu kwanza maana gia nyingi za mbele sio duara kamili, kuna sehemu inakaza na sehemu inalegea, pima pale inapokaza zaidi. Ukiizidisha unamaliza beringi bure.

Alafu chukua rula upime kama cheni imechakaa. Anzia pini moja, hesabu pini 24 mbele, cheni mpya inasoma inchi 12 kamili, ikizidi kwa inchi 1/16 badilisha, ikifika 1/8 jiandae kubadilisha na gia pia, sababu cheni mpya kwenye meno yaliyochongoka itaruka tu. Kupima hatuchaji, ila ioshe kwanza matope bana.