Mhariri, dainosa hawakushindwa, na sisi bado tuko ndani ya rula moja

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu ile picha mliyoitoa kwenye ukurasa wa watoto, ile ya mtu wa kale kavaa ngozi, kashika mkuki, anakimbizwa na dainosa, na chini yake mmeandika kwamba dainosa walikuwa na miili mikubwa ila akili ndogo ndo maana wakashindwa, dunia ikabaki kwa binadamu mwenye akili. Mpwa wangu wa miaka tisa aliniletea gazeti akaniuliza, "Mjomba, huyu mtu alipona?" Mtoto hana kosa hapo, kauliza kile alichokiona. Kosa liko kwenye picha, manake hakuna binadamu hata mmoja aliyewahi kukimbizwa na mnyama yule. Kati ya wale wa mwisho na sisi kuna miaka kama milioni 66, na mchoro mmoja wa rangi umeifuta yote.

Sasa milioni 66 ukimtajia mtoto ni sawa na kumwambia "zamani sana", na hata sisi wakubwa tusidanganyane, kichwa hakiwezi kuishika hiyo namba, milioni moja, milioni mia, bilioni, zote zinageuka kuwa neno moja tu, nyingi. Kwa hiyo nikachukua rula yake ya shule, ile ya sentimita 30, tukatoka hadi kwenye njia moja iliyonyooka, nikailaza chini, nikamwambia hapa kila milimita ni miaka elfu moja. Na hesabu ikakaa vizuri mpaka nikashangaa mwenyewe, kwa sababu mifupa ya kale zaidi inayohesabiwa kuwa ya watu wa jamii yetu, Homo sapiens, ile iliyopatikana Jebel Irhoud kule Moroko, ina miaka kama 300,000. Yaani rula nzima, ncha hadi ncha, ndo sisi. Watu wote waliowahi kuzaliwa, kupenda, kupigana na kuzikwa wamo humo. Kilimo kinaanza kwenye milimita 12 hivi za mwisho, upana wa ukucha tu. Maandishi ni kama milimita 5. Na mtu aliyejaliwa kufika miaka 70, maisha yake yote ni unene wa karatasi moja ya gazeti. Nilimpa ashike ukurasa mmoja wa gazeti hili hili kati ya vidole viwili, akaubana, akaachia, akaubana tena, hakusema kitu.

Halafu tukaanza kutembea. Hatua yangu moja ndefu inakaribia mita, na mita moja kwa kipimo chetu ni miaka milioni moja, kwa hiyo hatua ya kwanza tu tulikuwa tumeshamwacha binadamu nyuma. Tukahesabu hatua 66, tukaweka jiwe, nikamwambia hapa ndo ile siku balaa lilipowashukia dainosa. Tukapiga nyingine mbili, nikamwambia kati ya hapa na lile jiwe ndo aliishi Tyrannosaurus rex, yule wa kwenye picha. Tukaendelea, tukaendelea, kwenye hatua ya 150 tukaweka jiwe la Stegosaurus, yule mwenye mabamba mgongoni, na wa umri huo huo ni yule mrefu mwenye shingo kama twiga ambaye mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, kusini mwa Tanzania, na sasa imesimamishwa Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Dainosa wa mwanzo kabisa tuliwafikia kwenye 230 na kitu. Mtoto akageuka kutafuta rula yake, haionekani. Akasimama anahesabu hatua kimoyomoyo, mara akaniambia, "Kumbe T. rex yuko karibu na sisi kuliko na huyu wa mabamba!" Ndivyo ilivyo, kati ya Stegosaurus na T. rex ni zaidi ya hatua 80, kati ya T. rex na sisi ni 66. Wale wanyama wawili tumezoea kuwaona wakipigana kwenye midoli na katuni kama majirani wa mtaa mmoja, na mmoja alikuwa ameshakuwa jiwe ardhini mamilioni ya miaka kabla mwenzake hajazaliwa.

Hatua 165, Mhariri, ukihesabu toka wa kwanza hadi lile jiwe. Mtu akikaa muda wote huo, kwenye joto, kwenye baridi, mabara yakipasuka na kusogea chini ya miguu yake, halafu tukasema "alishindwa", tunapimia kipimo gani?

Najua kuna msomaji ataniambia nalinganisha vitu visivyolingana, dainosa ni ukoo mzima wenye aina nyingi sana na binadamu ni aina moja. Ni kweli, na ni hoja ya haki. Basi tuchukue aina moja moja. T. rex peke yake ana hatua kama mbili, yaani rula sita na ushee. Au tuachane na dainosa, tumchukue ndugu yetu Homo erectus, aliyekuwa na mawe ya kuchonga tu mkononi, naye aliishi karibu miaka milioni mbili. Kwa hesabu hiyo binadamu wa leo hajafikisha hata moja ya tano ya safari ya ndugu yake ambaye tunamchora amekunja uso kama hajui kitu.

Na kuhusu hilo neno "walishindwa". Mwaka 1980 mwanafizikia Luis Alvarez na mwanawe Walter, mtaalamu wa miamba, pamoja na wakemia Frank Asaro na Helen Michel, walichapisha habari ya udongo mwembamba uliokuwa kwenye miamba ya Gubbio, Italia. Ni tabaka la kama sentimita moja tu, unalifunika kwa kidole. Chini yake chokaa imejaa visukuku vidogo vidogo vya viumbe wa baharini, juu yake karibu wote hawapo, na ule udongo wenyewe umejaa iridiamu, madini ambayo juu ya ardhi ni adimu sana ila kwenye mawe yanayotoka angani yapo kwa wingi. Wakasema ni jiwe la angani lililoigonga dunia. Baadaye shimo lenyewe likajulikana, liko Chicxulub, Yucatán, Meksiko, limefukiwa chini ya mashapo, upana wake kama kilomita 180. Jiwe lililolichimba lilikuwa na upana wa kilomita 10 hivi. Vumbi na masizi yakaziba jua, mimea ikakosa mwanga, wanaokula mimea wakakosa chakula, na wanaokula hao nao wakafuata, mpaka karibu robo tatu ya aina zote za viumbe zikatoweka. Sasa hapo akili ndogo inaingiaje? Hata mwenye akili kubwa namna gani, jiwe la ukubwa wa mlima likishuka kwa kasi ile asingekuwa na la kufanya.

Isipokuwa, na hapa ndo nataka gazeti liandike kwa herufi kubwa kama linapenda kusifia akili ya binadamu, sisi tunaweza kuanza kufanya kitu. Tarehe 26 Septemba 2022 chombo cha NASA kinachoitwa DART kiligongeshwa makusudi kwenye kijiwe cha angani, Dimorphos, ambacho kilikuwa kinazunguka jiwe kubwa zaidi kwa saa 11 na dakika 55. Baada ya kugongwa mzunguko ukapungua kwa dakika 30 na kitu. Mara ya kwanza kiumbe wa dunia hii kusogeza jiwe la angani kwa kukusudia. Mimi nilipoisoma habari ile nililia, sioni aibu kusema, kwa sababu nilikumbuka lile jiwe letu kwenye hatua ya 66.

Ila akili hiyo hiyo ina upande wa pili ambao ukurasa wenu haukuugusa. Dainosa hawakuisha wote. Ndege ni dainosa, sio mfano wala mzaha, ndo wanasayansi wanavyowapanga, ni tawi la ukoo ule ule lililopona siku ile, na leo wako aina zaidi ya 10,000, wengi kuliko aina za mamalia. Sasa angalia tulichowafanyia waliopona. Dodo wa Mauritius alikaa kisiwani kwake bila shida, mabaharia wakafika mwisho wa miaka ya 1500, na baada ya 1662 hakuna taarifa ya kuaminika kwamba kuna aliyemuona tena. Njiwa wa safari wa Amerika ya Kaskazini walikuwa mabilioni, kundi likipita jua linafichika, watu wakawapiga risasi na kuwauza mpaka wa mwisho, jike aliyeitwa Martha, akafa kwenye bustani ya wanyama Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914. Hawa ukoo wao ulivuka kimondo cha Chicxulub, wakaja kumalizwa na sisi kwenye milimita ya mwisho ya rula, tena dodo hata nusu milimita hatukuitumia. Na hewa ukaa, kabla ya viwanda ilikuwa kama sehemu 280 kwa kila sehemu milioni za hewa, leo imepita 420, hilo nalo ni ndani ya karatasi tatu nne za gazeti. Mimi kinachonitisha hapo ni kasi, manake mabadiliko ambayo wenzetu walipewa hatua nzima nzima kuyazoea, sisi tunayabana kwenye unene wa kurasa.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Watoto wanaamini kilichochapwa. Toeni masahihisho ya ile picha, muandike namba zake, milioni 66 na laki tatu, na muwape watoto hilo zoezi la rula, halina gharama, linataka njia iliyonyooka na mtu mzima mwenye nusu saa. Na kama mchoraji wenu bado anataka kuwachora binadamu na dainosa wakiwa pamoja, achore, inawezekana kabisa bila kudanganya: mtu amechuchumaa na punje kwenye kiganja, na kuku anakuja kula.

Msomaji wenu,
Mjomba wa yule mtoto