Historia ya Songea haiishii kwenye kitanzi

Songea, Machi

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa wote wa hapa nyumbani. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo huko Korogwe, na mguu wa mama umepata nafuu. Sisi tu wazima. Mvua haijatukatia, mahindi yameshabeba, na viwavi wasipoyaingilia tutavuna vizuri.

Uliniuliza kwenye simu kumbukumbu ya tarehe 27 Februari ilikwendaje mwaka huu, nami nikakuahidi barua, maana habari hii haisemeki haraka haraka. Siku yenyewe unaifahamu tangu tukiwa chuo. Watu wanajaa pale makumbusho ya vita vya Majimaji, vile vya kuupinga utawala wa Wajerumani, wazee wanavaa ngozi na kushika ngao na mikuki, ngoma yetu ya lizombe inachezwa, na mashujaa 67 walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wanakumbukwa mbele ya makaburi yao: Nkosi (yaani chifu mkuu) Mputa Gama, nduna (chifu msaidizi) Songea Mbano na wenzao. Lilipotajwa jina la Nkomanile, mwanamke aliyenyongwa pamoja na wanaume wale, machozi yalinitoka kama kila mwaka. Hayo yanatosha. Ninachotaka kukuandikia ni mhadhara uliofanyika siku chache kabla, kwa sababu ndani yake kuna kazi inayokuhusu wewe.

Ulikuwa mhadhara wa wazi, bila kiingilio, katika ukumbi wa hapa mjini. Mzungumzaji alikuwa mhadhiri wa historia kutoka Dar es Salaam, kijana bado, lakini mwenye adabu ya kuzungumza mbele ya wazee. Nilikwenda na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Viti vya mbele walikaa wazee wa koo na viongozi, vijana wakasimama ukutani, na akina mama watu wazima wakajipanga kwenye mabenchi ya nyuma karibu na mlango, kama ilivyo desturi. Kipaza sauti kilikatika, mhadhiri akaendelea kwa sauti yake tu, na hapo ndipo ukumbi ulipotulia kweli.

Alianza mbali. Alieleza jinsi Wangoni wa kiongozi Zwangendaba walivyoondoka kusini mwa Afrika, wakavuka Zambezi mwaka 1835 siku jua lilipopatwa, wakapanda hadi Ufipa, na jinsi baada ya kifo cha Zwangendaba makundi yalivyogawanyika, mengine yakaja kutua huku kwetu. Wazee walikuwa wanatikisa vichwa kwa kuridhika. Akafika kwenye Majimaji yenyewe: Kinjikitile Ngwale kule Ngarambe, dawa ya maji iliyowaunganisha watu ambao kabla yake hawakuwa na mfalme mmoja wala lugha moja, na Nandete katika nchi ya Wamatumbi, ambako Julai 1905 Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waling'oa miche ya pamba kutangaza vita. Kisha Kinjala akaileta dawa hiyo ya maji huku Ungoni, nchi ya Wangoni. Wanafunzi wangu waliandika mpaka kalamu zikawachosha. Wamezoea kuisoma Majimaji kama sababu tano na matokeo matano ya kukariri kwa ajili ya mtihani, na kumbe vita ile ilipita kwenye vijiji vya bibi zao.

Ulipofika wakati wa maswali, mzee mmoja kutoka Namtumbo aliinuka. Alisema kwa heshima, bila kupandisha sauti, kwamba yeye ni Mndendeule, na kwamba kila mwaka anakuja kuwaenzi mashujaa na ataendelea kuja. Lakini angependa siku moja isemwe pia kwamba kabla Mjerumani hajafika, Wangoni walikuwa wakiwavamia majirani, wakichukua watu na chakula, na kwamba wengi wanaojiita Wangoni leo ni wajukuu wa mateka. Akawataja na Wamatengo, ambao wazee wao husimulia kuwa walikimbilia milimani na huko wakalima kwa ngoro, yaani mashimo yanayozuia udongo usichukuliwe na maji, kwenye miteremko mikali.

Ukumbi ulinyamaza. Nilidhani patazuka maneno. Mzee mmoja wa mbele, wa ukoo mkubwa kabisa, akageuka na kusema: "Mwenzetu amesema kweli, na sisi tunajua." Basi. Nilijisikia fahari kuwa mtu wa mkoa huu kuliko siku zote. Tunaweza kumheshimu Songea Mbano, tukalitamka jina lake kwa mapenzi, na bado tukasema ukweli wote kuhusu karne ile. Watoto wetu wanastahili yote mawili.

Lakini aliyebadilisha mkutano alikuwa bibi mmoja wa benchi la nyuma. Alishikwa mkono akasimama. Alisema yeye hana swali, ana neno la bibi yake. Vita vilipokuja, bibi yake alikuwa binti mdogo. Kuhusu kunyongwa watu boma hakujua lolote, kwa sababu siku hizo wao walikuwa porini. Askari walikuwa wamechoma vihenge, vya ulezi na vya mahindi, na kilichosalia wakakibeba. Mama yake alikuwa akichimba mizizi ya porini, ile ambayo lazima iloweke siku kadhaa na kuchemshwa tena na tena mpaka sumu itoke, na anayeshindwa kusubiri anakufa nayo. Yule binti alimbeba mdogo wake mgongoni wakaelekea Ruvuma, wavuke kwa Wareno. Mdogo wake hakufika. "Yeye hamkumtaja," alisema, "maana hakunyongwa."

Dada, nimekaa na maneno hayo tangu siku ile.

Mhadhiri hakujaribu kuyapita. Alimshukuru, kisha akaeleza kwamba njaa ile haikutokea kwa bahati mbaya. Mwaka 1905 Kapteni Wangenheim alimwandikia Gavana von Götzen kwamba, kwa maoni yake, ni njaa na dhiki tu zitakazowafanya watu wasalimu amri kabisa. Ndivyo ilivyofanywa: vijiji vikachomwa, chakula kikachukuliwa, watu wakazuiwa kulima msimu ulipofika. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Gilbert Gwassa, mwanahistoria wetu aliyewahoji wazee wa Umatumbi, alifikia 250,000 hadi 300,000. Wengi wao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa njaa na maradhi yanayofuata njaa, na wanawake wengine walitekwa wakagawiwa kama nyara kwa waliopigana upande wa serikali. Mashamba yakarudi pori, wanyama na mbung'o wakaingia palipokuwa na watu.

Ndiyo maana nasema mikusanyiko yetu ya historia inakatika mapema mno. Tunafika kwenye kitanzi, tunainamisha vichwa, tunaweka silaha za jadi na maua, tunakwenda kula. Aliyenyongwa ana jina, ana kaburi, ana ukoo unaokuja kila Februari. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipokuja hapa Songea tarehe 1 Novemba 2023, alikutana na wajukuu wa Songea Mbano, akaomba radhi kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu zetu, na akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu la chifu huyo, linaloaminika kuwa lilipelekwa Ujerumani. Nilifurahi sana, na ninaomba lipatikane. Lakini wale wa njaa, waliokufa njiani kuelekea Ruvuma na kwenye mapori ya Liwale, hawana hata mahali pa kuwekea ua. Kaburi lao pekee ni masimulizi, na masimulizi hayo wanayo zaidi akina mama kwa sababu wao ndio waliokuwa wakitafuta chakula. Hao ndio tunaowakalisha karibu na mlango.

Sasa nifike kwako.

Baada ya mhadhara tulikunywa chai nje, na maandazi, na mazungumzo yakawa matamu kuliko ya ndani. Niliketi na bibi yule. Nikamuuliza wanaume wa familia yake walirudi lini. Akasema waliobaki walirudi, lakini kila kizazi kilichofuata kiliondoka tena: kodi ilikuwa inadaiwa, ng'ombe hawakuwepo, na huku hakukuwa na zao la kuleta fedha. Wakaenda mkonge. Alitamka majina ya Muheza, Korogwe na Pangani kama anayetaja vijiji vya jirani, na hajawahi kufika hata kimoja.

Nilikufikiria wewe papo hapo. Babu yako alikwenda kama manamba, kibarua wa mkataba, akapewa kipande, kadi ya kuhesabia siku za kazi, akakata mkonge mpaka nguvu zikamwisha, akaoa hukohuko na hakurudi. Ulinieleza hayo usiku mmoja bwenini, nami niliyachukulia kama habari ya familia yenu. Sasa naona kwamba ni sura inayofuata ya habari iliyosimuliwa ukumbini. Sehemu iliyovunjwa kwa moto na njaa ndiyo iliyogeuzwa kuwa kisima cha vibarua. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, miche 62 tu ndiyo iliyopona safari na ikapandwa karibu na Pangani. Kutoka hapo mashamba yalienea mpaka yakahitaji watu kutoka mbali, na Songea ikawa mojawapo ya sehemu walizotafutwa. Kufikia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na shirika lao zima la kuajiri, SILABU, lililosafirisha manamba kwa malori na treni. Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza kwa nini huko Tanga kuna Wangoni wengi. Nilimjibu kwamba nusu ya jibu iko Songea na nusu iko Korogwe, na kwamba ninamfahamu mwalimu anayeweza kuileta nusu hiyo.

Ombi langu ni hili. Katika kambi za zamani, Ngombezi, Magunga na kwingineko karibu nawe, bado wapo wazee waliozaliwa na wazazi waliotoka Ungoni. Wakusanye. Si lazima ukumbi wala bajeti. Jumapili baada ya ibada, chini ya mwembe, chai na mihogo vinatosha. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam walitumwa vijijini kuandika kumbukumbu za Majimaji, wakiongozwa na watu kama Gwassa na John Iliffe, na hadi leo mengi tunayoyajua kuhusu vita ile kutoka midomoni mwa waliokuwepo yametoka kwenye madaftari yale. Wale waliohojiwa wameshakufa wote. Kama vijana wale wangengoja wapate fedha zaidi, tungebaki na ripoti za maofisa wa Kijerumani peke yake.

Naomba uwaketishe akina mama mbele. Usianze kwa kuwauliza "vita", maana watakuambia hawajui vita. Waulize walikuwa wakila nini mazao yalipokosekana, mama zao walijifunza wapi, na wimbo gani uliimbwa wakati wa kumsindikiza mtu anayekwenda mkonge. Wakitaka kusema Kingoni waache, utatafsiri baadaye na mimi nitakusaidia. Omba ruhusa kabla ya kuwasha simu ya kurekodi, na ukimaliza wasomee ulichoandika. Mtu akisema neno lake lisitoke nje ya familia, basi lisitoke. Andika jina la kambi, jina la kijiji alichotoka babu, na jina la mtemi au nduna aliyekuwa chini yake kama analikumbuka. Miaka isikusumbue. Watakuambia "mwaka wa nzige" au "kabla ya Uhuru", na hapo tutaanzia.

Mimi huku nimeshazungumza na mkuu wa shule. Amekubali wanafunzi wa klabu ya historia waende Maposeni na Namtumbo wakati wa likizo ya Juni, wawili wawili, kila mmoja akianza na bibi yake mwenyewe. Yule mzee wa Kindendeule ameniahidi kuwapokea. Nimewaandikia pia walioandaa mhadhara, nikapendekeza mwakani waweke kikao cha mchana mzima juu ya njaa na manamba, wasimuliaji wakiwa wazee wenyewe na mhadhiri akae awasikilize kwanza. Hawajanijibu kwa maandishi, lakini mmoja wao aliniambia sokoni kwamba wazo limepokelewa vizuri. Nitaendelea kuwafuatilia.

Katika kikao hicho nataka uje uzungumze wewe. Njoo na sauti za Ngombezi tuzisikilizishe ukumbini, na yule bibi akae mbele azisikie. Februari barabara inapitika, basi la Dar linafika hapa usiku, na utalala kwangu. Mama kama mguu utamruhusu mlete, ana haki ya kukiona kijiji cha baba yake.

Niandikie kabla ya Pasaka uniambie umeanzia kambi gani. Shemeji msalimie, watoto wabusu. Kahawa ya Mbinga nimempa dereva wa lori anayekuja Tanga, atakupigia akifika.

Wako akupendaye,
Mwalimu mwenzako wa Songea