Baraka, usiwatie samaki bado

Goma, Jumapili jioni

Ndugu yangu Baraka,

Umeniandikia kwamba tangi limeshajaa maji ya chumvi na Jumamosi unakwenda kuchukua samaki wawili. Nakusihi, usiende. Mwaka jana nilifanya vivyo hivyo: siku ya tatu niliwatia, siku ya nane nikawatoa wamekufa, matamvua mekundu sana. Na maji yalikuwa maangavu kabisa. Hayo ndiyo yaliyonidanganya.

Kilichowaua ni amonia, inayotoka kwenye matamvua na kinyesi chao na kwenye chakula kinachooza. Wako bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo samaki huivumilia zaidi. Bakteria hao hawaelei tu majini. Hushikamana na mawe, mchanga na sponji ya chujio, na huzaana polepole mno.

Safari ya pili nilianza na sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Watatu wabichi kutoka ziwani, nikawafunga ndani ya soksi ya nailoni, nikawaning'iniza majini waoze, watoe amonia ya kuwalisha bakteria kabla ya kutia samaki hai. Nyumba ilinuka, mke wangu akavumilia. Chujioni nikaweka mawe ya lava, yaleyale tunayojengea kuta huku, baada ya kuyasugua na kuyaloweka. Vile vitundu vyake ni makao mazuri. Amonia ilipanda wiki nzima. Ilipoanza kushuka, nitriti ikapanda, ikakaa juu hadi nikakaribia kukata tamaa. Siku ya 36 zote mbili zikasoma sifuri.

Huko Lubumbashi samaki mbichi yeyote atafaa. Chumvi iwe ile ya akwaria, gramu 35 hivi kwa lita, si ya jikoni. Joto nyuzi 25 au 26. Maji ya bomba yaondoe klorini kwanza, maana huua bakteria haohao unaowalea. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, toa sponji kwenye chujio lililofunikwa uitie tangini, na pampu ya hewa ya betri iendelee kupuliza, kwani bila oksijeni bakteria wanakufa.

Ukipata sifuri mbili, badilisha nusu ya maji, tia samaki mmoja. Wa pili angoje wiki tatu.

Mdogo wangu anakuja huko Alhamisi. Nimempa jiwe moja la chujio langu, bado lina maji na bakteria wake, ndani ya mfuko. Usilioshe. Litie siku hiyohiyo, pamoja na samaki wako wa kuoza.

Wako,
Espoir