Dakika 50 na hakuna kidonge: mnalipia nini hasa?

Wiki hii tena kuna mteja katuweka status kwamba ofisi yetu ya tiba ya mazungumzo wizi mtupu, kakaa dakika 50, hakuchomwa sindano, hakupewa dawa, "nimeulizwa maswali tu wakachukua elfu 50 yangu". Haya, ngoja tuelewane.

Ile fomu ya maswali 9 ya kupima sonona (huzuni nzito isiyoisha) unayojazishwa ukifika sio mbwembwe. Inauliza wiki 2 zilizopita umelalaje, umekulaje, jumla inaanzia 0 mpaka 27, namba kubwa ndo hali mbaya, na tunairudia ili tuone namba inashuka au imeganda, ikiganda tunabadili njia. Kijiweni watakusikiliza bure ila hakuna anayekupima.

Tunachofanya zaidi ni CBT, yaani tiba ya mawazo na tabia, aliyoianzisha daktari Aaron Beck kule Marekani miaka ya 1960. Unachowaza, unavyojisikia na unachofanya vinavutana, kwa hiyo tunaingilia kwenye wazo na kwenye tendo. Kuna kaka mmoja (nimebadili mambo asijulikane) akipanda daladala moyo unamwenda mbio, jasho, anajua ndo anakufa. Moyo kapima mara kibao, mzima. Akahamia boda, baadaye hata boda hataki, kazini haendi, mfukoni ana diazepamu, vidonge vya kutuliza wasiwasi, alizonunua duka la dawa bila cheti. Sasa kila akikwepa anapata nafuu, na hiyo nafuu ndo inayoulisha woga. Tukampandisha ngazi za jengo letu mbio mbio makusudi mpaka moyo ukadunda, kidonge hagusi, anaandika kwenye daftari: "nakufa", naamini asilimia 95. Tukakaa naye pale pale, akaandika tena: 40. Wiki zilizofuata kituo kimoja cha daladala, viwili, mpaka ile ya saa kumi na moja jioni watu wananing'inia mlangoni. (Diazepamu alipunguziwa na daktari taratibu, usiziache ghafla mwenyewe!)

Sasa tatizo letu na nyie ni hili. Sesheni ya tatu mtu kaanza kulala vizuri, anapiga hesabu ya hela, "dada mi nimepona", hapokei simu. Miezi ikipita karudi yuko hoi kuliko mwanzo, tunaanza moja, analipa upya, halafu wezi ni sisi. Au anarudi na daftari la kazi ya nyumbani tupu. Mama mmoja kaniletea kazi ya nyumbani imejaa vizuri kabisa, mwandiko wa mwanae wa darasa la sita. Nilicheka, ila tiba yenyewe iko kwenye hilo daftari, hapa ofisini tunaelekezana tu.

Na msiniambie tiba ya mazungumzo ni mambo ya wazungu. Uganda, vijiji 30 vya Masaka na Rakai, watu wenye sonona walikaa kwenye vikundi vya mazungumzo wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliofundishwa, matokeo yakachapishwa 2003: walipungukiwa na sonona kuliko wenzao ambao hawakupata vikundi, tena kwa mbali sana.

Elfu 50 ina dakika zako, muda wa kuandika faili lako, na mtaalamu anayenikagua mimi kazi yangu, ambaye naye halipwi kwa asante. Dozi ya kawaida sesheni 12 mpaka 20. Hela ikikubana sema mapema, kuna kikundi cha Jumamosi bei yake nafuu, au tutapanga ulipe kidogo kidogo. Ila kama unawaza kujiua usisubiri miadi yetu, nenda hospitali leo hii, dirisha la dharura, na mtu wa kukusindikiza.