Mashine ya boti kwenye basi: tupewe kanuni iliyoandikwa

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme na wenye mabasi, na pia na wenzangu tunaopanda mabasi hayo na vifaa vya boti mabegani. Mimi ni fundi wa mashine za boti, zile zinazofungwa nyuma. Boti hubaki majini. Mashine ikiharibika hufunguliwa ikapelekwa kwa fundi, na wateja wangu wengi hawana gari, wala mimi sina. Kwa hiyo mashine inapanda basi.

Kukataliwa nimekuzoea, na wakati mwingine kuna haki. Linaloniudhi ni kwamba jibu linategemea konda ameamkaje. Asubuhi napakiwa bila neno, jioni nakataliwa na kampuni ile ile, mashine ile ile. Nikiuliza sababu naambiwa, "Mzee, mafuta hayaruhusiwi." Mafuta gani? Mashine ni kavu, namwomba ainuse mwenyewe. Hataki kunusa. Huku nyuma jenereta yenye tangi lililojaa inasukumwa ndani ya buti na hakuna anayeuliza, kwa kuwa jenereta macho yameizoea.

Hofu ya petroli yenyewe siipingi. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo haupandi ukatoka dirishani. Unatambaa sakafuni na kukaa kwenye pembe ambako hakuna upepo. Nao unaweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse ndani ya basi lililofungwa vioo. Hapo nawageukia wenzangu: tangi la akiba lisipande na abiria, hata kama ni tupu. Tangi tupu limejaa mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Na nyie wenye mashine ndogo ambazo tangi limo humo humo kwenye kichwa, yaani sehemu ya juu yenye injini, limwageni lote, mliache wazi nje hewani mpaka harufu iishe, ndipo mwende stendi. Anayefika pale na mashine inayodondosha petroli anatuharibia sote, na konda akimshusha mimi nitampigia makofi.

Kukausha si kazi kubwa. Mashine ikiwa bado majini na inanguruma, chomoa mpira wa mafuta uiache izime yenyewe. Hapo kabureta imekwisha kunywa kilichokuwemo. Ivue, uisimamishe wima mpaka maji ya kupoozea yaache kutiririka. Wengi wana haraka, wanailaza hapo hapo, na maji yanapita njia ya moshi kurudi kwenye silinda. Ya chumvi yakilala humo, mimi ndiye ninayepata kazi, lakini si kazi ninayoifurahia. Kwenye basi kichwa kikae juu kidogo kuliko pangaboi, ile feni ya chini inayosukuma boti. Zile za mipigo minne (four-stroke), zenye oili yake peke yake isiyochanganywa na petroli, nyingi zina upande maalumu wa kulalia, na mara nyingi umechorwa kwenye mashine. Ukiilalisha kinyume, oili inahamia kwenye silinda, na ikipata upenyo inahamia pia kwenye begi la abiria wa jirani. Pangaboi lenyewe livikwe gunia au kipande cha godoro. Kingo zake hukwaruzika zikawa kali, na nimewahi kuona suruali ya mtu ikichanwa kuanzia goti hadi mfukoni. Aliyevaa hakucheka.

Makasia yana shida yake, maana kosa lao ni urefu tu. Kasia la mita mbili na nusu halisimami ndani ya basi, na likilazwa njiani kila anayepita atajikwaa. Mahali pake ni juu kwenye keria, limefungwa sehemu mbili, na ncha inayochomoza nyuma ifungwe kitambaa chekundu. Anayenunua jipya na anajua atasafiri nalo, achukue la vipande viwili. Nanga ikunjwe mikono, au ifungwe gunia kama haikunjiki. Mashine za umeme zimeanza kuonekana, na betri zake watu wanazirusha popote. Vichwa viwili vya betri, panapotokea umeme, vifunikwe kwa utepe wa fundi umeme, kwani vikigusana na chuma, hata funguo tu, cheche lazima. Kwenye ndege, kwa kawaida abiria haruhusiwi kubeba kwenye mzigo wake betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160 (kipimo cha umeme inaouhifadhi), na za boti kwa kawaida huzidi hapo mbali.

Jaketi la kuokolea ndilo halina ugomvi, unalivaa tu. Watu watakucheka, waache.

Sasa kwa wenye mabasi. Andikeni kanuni muibandike kwenye dirisha la tiketi: petroli hapana, tangi hapana, mashine iliyokaushwa ndiyo, urefu wa mwisho wa kitu ni huu, na nauli ya mzigo ni kwa kilo. Mashine ya nguvu za farasi mbili na nusu kwa kawaida haifiki kilo 20. Ya farasi 15 ya mipigo minne inakaribia 50, na kuibeba kunataka watu wawili. Leo wote tunalipishwa sawa, kiasi anachokitaja konda basi likiwa limeshawashwa na huna tena nafasi ya kubishana. Mkisema mashine ya farasi 15 ikapande lori la mizigo, nitakubali. Ila niambiwe dirishani, kabla sijakata tiketi na kuibeba mpaka mlangoni.

Fundi wa mashine za boti
(jina langu unalo, Mhariri)