YAH: KULINDISHWA MABEGI MOSHI MJINI

Meneja, Huduma kwa Wateja,

Salaam. Naandika kwa adabu. Barua hii ni ya tatu, mbili za kwanza nilizichana.

Naomba nirudishiwe shilingi 90,000 nilizolipia ziara ya mji wa Moshi kwa miguu, siku moja kabla ya kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Masharti yenu mnayajua, siyakariri hapa.

Katikati ya ziara, nje ya Soko la Kati, mwongozaji wenu aliniambia: "Dada, wewe si mgeni, haya unayajua. Baki na mabegi, tunarudi sasa hivi." Yeye na wageni wengine wakaingia sokoni, mimi nikabaki.

Mliahidi masaa manne. Ukiondoa nilipokuwa mlinzi, nilitembea saa moja na robo. Mnara wa Saa, maduka ya simu, benki, maduka ya simu tena, halafu stendi, ambako mpiga debe alinivuta mkono nipande basi la Arusha. Mlima wenyewe ulijifunika mawingu kutwa. Sina ugomvi na Moshi. Watu wako kwenye shughuli zao, hawakujenga mji kwa ajili ya kamera zetu. Ugomvi wangu ni na ninyi mliounadi kama Mji Mkongwe. Tena vya kusimulia vipo! Jengo la KNCU, ushirika wa kahawa wa Wachaga tangu 1933, tulilipita kimya. Reli ilifika Moshi mwaka 1911, enzi za Mjerumani, maelezo tuliyopewa yalikuwa maneno mawili: "Stesheni hiyo."

Nilipopiga simu, mtu wenu alisema ule ulikuwa utani. Basi nairudia, msikie utani wenyewe. Hakuniomba. Alivua begi la mgeni mmoja akanitundika begani huku akiongea na wengine Kiingereza, kisha akayarundika mengine miguuni pangu. Mmoja akaniambia "asante sana" kwa Kiswahili cha kujifunza, akidhani mimi ni mfanyakazi wenu. Dakika 40 nimekaa kwenye kizingiti cha duka la nafaka, vumbi la mchele usoni, wapita njia wananiuliza bei ya mabegi. Waliporudi wanakula ndizi, hata moja sikuletewa.

Kubeba si aibu. Wagumu, wapagazi wa mlimani, walionibebea mzigo mpaka kambi ya Kibo nawaheshimu, na chai yao ya kambi ya Horombo sitaisahau. Lakini wao wanalipwa wabebe. Mimi nililipa ili nilinde! Na msiniambie habari ya kiingilio cha Mtanzania kuwa nafuu. Hicho ni cha hifadhi. Ziara ya mjini nililipa sawa na wenzangu, risiti ninayo. Hata mlimani, siku ya pili, yule bwana wa "asante sana" aliniita "mlinzi wetu" mbele ya meza nzima.

Nilianza na 90,000. Kadiri ninavyoandika naona haitoshi. Nataka nusu ya gharama ya safari nzima, na barua ya kuniomba radhi yenye saini ya mkurugenzi, kwa Kiswahili, ndani ya siku 14. Zikipita, nakwenda kwa wanaowapa leseni ya biashara ya utalii, na Tume ya Ushindani pia. Sitaenda mikono mitupu: mwenye duka alinipiga picha kwa simu yangu, nimezungukwa na mabegi sita, na nembo yenu inasomeka kwenye kila moja.

Wenu mteja,
jina na namba ya safari mnavyo.