Csák wa Trencsén: tuulize kwanza ardhi ile aliipataje

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa wasomaji niseme neno kuhusu makala yenu ya wiki iliyopita juu ya makabaila wa Ulaya ya kale, hasa pale mlipomgusa Máté Csák wa Trencsén, kabaila wa Hungaria aliyefariki mwaka 1321. Mwandishi wenu alimwita “mmiliki wa sehemu kubwa ya Hungaria”, kisha mwishoni akamwita “shujaa aliyemgomea mfalme wa kigeni”. Hilo la ushujaa naweza kulivumilia, maana hata wenyeji wa huko wamelibishania muda mrefu. Neno “mmiliki” ndilo lililoniumiza. Nimefundisha historia kwa miaka mingi, na najua mwanafunzi akishasoma kwamba fulani alimiliki, haulizi tena alipataje, kutoka kwa nani, na huyo aliyekuwapo kabla alikwenda wapi.

Csák nilimfahamu kwa macho kabla ya kumsoma. Miaka ya 1980 nilikuwa mwanafunzi Bratislava, enzi ya Chekoslovakia, na kila nilipopanda treni ya kwenda Žilina nilipita Trenčín, ndiyo hiyo Trencsén ya Wahungaria. Ngome iko juu ya mwamba, mto Váh uko chini, na mnara mkubwa kuliko yote mle ndani huitwa hadi leo mnara wa Matúš. Waslovakia humwita Matúš Čák. Wahungaria, ambao hutanguliza jina la ukoo, humwita Csák Máté. Katika mwamba huohuo kuna maandishi waliyochonga askari wa Kirumi waliopiga kambi hapo mwaka 179. Mwenyeji wangu mmoja alinionyesha yote mawili siku moja na akaniambia kwamba anayekaa juu ya jiwe lile anaishika njia yote ya bonde. Sikumwelewa siku ile.

Csák alizaliwa miaka ya 1260 katika ukoo wa zamani sana. Mwandishi wa kale wa historia ya Wahungaria aliuhesabu ukoo huo kuwa uzao wa mmoja wa wakuu saba walioingia na taifa lao katika nchi ile. Baba yake, Péter, na ammi yake, ambaye naye aliitwa Máté, wote walipata kushika cheo cha nádor, yaani mtu wa kwanza baada ya mfalme. Ammi huyo aliongoza Wahungaria katika vita vya Dürnkrut mwaka 1278, alikouawa mfalme Ottokar wa Bohemia. Alikufa bila mtoto, na mali yake ikaangukia upande wa ndugu yake. Kwa hiyo ipo sehemu ya ardhi ya Csák iliyokuwa mirathi halali isiyo na ubishi: Komárom, Szenic, na sehemu za Tapolcsány. Hiyo naikubali. Lakini ilikuwa sehemu ndogo ya kile alichokuwa nacho alipokufa.

Sehemu ya pili ilitoka katika utumishi. Kabaila mwingine, Miklós Kőszegi, alipomwasi mfalme András wa Tatu na kuteka ngome ya Pozsony, hiyo Bratislava ya leo, Csák ndiye aliyekwenda kuikomboa. Mfalme akamlipa kwa vyeo: msimamizi wa farasi wa mfalme, mkuu wa jimbo la Pozsony, na mwaka 1296 akamfanya nádor. Hapa ndipo makala yenu ingepaswa kusimama kidogo. Ukuu wa jimbo haukuwa shamba la mtu. Ulikuwa kazi. Mkuu alikaa katika ngome ya mfalme, akakusanya mapato ya mfalme, akabaki na fungu lake, na siku ya kuondolewa alitakiwa arudishe funguo. Tangu mwaka 1222, katika ile hati iitwayo Bula ya Dhahabu, yaani hati ya mhuri wa dhahabu, wafalme wa Hungaria walikuwa wameahidi kwamba hawatampa mtu jimbo zima liwe mali yake ya kurithisha. Waliiandika ahadi hiyo kwa sababu tayari walishaona hatari yake.

Mfalme alimvua Csák u-nádor mwaka uliofuata. Ngome hakurudisha. Wakati huo alikuwa ameshaingia Trencsén, na kutoka hapo akaanza kumeza mabonde ya jirani moja baada ya jingine.

Msomaji ataelewa ukubwa wa jambo hili akijua ngome ilikuwa na kazi gani. Baada ya Wamongolia kuiangamiza nchi mwaka 1241 na 1242, mfalme Béla wa Nne aliwahimiza wakubwa wajenge ngome za mawe, kwa kuwa kuta za udongo na miti hazikumzuia Mmongolia. Ilikuwa hekima, na wengi walipona kwa ajili yake. Lakini kila ngome ilihitaji chakula, walinzi, kuni na fedha, kwa hiyo ilifungiwa vijiji vya kuilisha. Kijiji kilifuata ngome kama ndama afuatavyo ng’ombe. Aliyeuteka ukuta alipata kwa siku moja wakulima wote waliokuwa chini yake, msitu, kinu cha kusagia, na ushuru wa daraja au kivuko. Csák hakuhitaji kununua mashamba. Alihitaji miamba. Alipofikia kilele chake alikuwa na ngome zipatazo 50, zimetapakaa katika majimbo zaidi ya kumi ya kaskazini magharibi, eneo ambalo sehemu yake kubwa leo ni Slovakia.

Na wale mabwana wadogo waliokuwa na kijiji kimoja au viwili? Hao ndio makala yenu imewasahau kabisa. Bwana mdogo aliyeishi chini ya ngome ya Csák alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuingia katika watu wake, amtumikie kwa upanga na kubaki na kijiji chake kwa hisani. Ya pili ni kukataa, akimbilie kwa mfalme, na kijiji kichukuliwe. Hata makanisa hayakupona. Watawa wa Pannonhalma walinyang’anywa mali, na mwaka 1317 askari wake waliingia Nyitra, mji wa askofu, wakauharibu. Askofu János wa Nyitra alimtenga na Kanisa mwaka 1318, na hiyo haikuwa mara ya kwanza: mwaka 1311 Kardinali Gentile, mjumbe wa Papa, alikuwa ameshamtenga.

Nataka niwe mwadilifu kwake pia. Hati alikuwa nazo. András wa Tatu alipokufa Januari 1301, nasaba ya Árpád ilikatika, na watu watatu wakaligombea taji: Károly wa nyumba ya Anjou kutoka Napoli, Wenceslas wa Bohemia, na baadaye Otto wa Bavaria. Csák alimuunga mkono Wenceslas, na mwaka 1302 kijana huyo akampa majimbo ya Trencsén na Nyitra pamoja na ngome zake, kwa maandishi. Miaka michache baadaye Wenceslas aliliacha taji na kubaki kwao. Basi ile karatasi ilikuwa na thamani gani? Ilitolewa na mfalme ambaye nusu ya nchi haikumtambua, ikitoa kitu ambacho wafalme waliotangulia waliapa hawatakitoa. Ningefurahi kama mwandishi wenu angelijadili hili kwa upana, maana hapa kuna swali gumu kweli: kuna hati, kuna mhuri, na bado haki haimo.

Linganisheni na utaratibu wa kawaida wa Hungaria ya wakati huo. Bwana akipewa kijiji, mtu wa mfalme na shahidi kutoka kanisa la kapitula (baraza la mapadre) au monasteri yenye mhuri unaoaminika walikwenda mpaka mahali penyewe. Waliwaita majirani. Wakatembea mpaka wote kwa miguu, wakitaja kijito hiki, mti ule, kichuguu cha udongo kilichorundikwa kuwa alama, na asiyeridhika alipinga palepale. Kisha hati ikaandikwa. Ardhi iliyotembelewa hivyo mbele ya majirani ilikuwa na mizizi. Ngome iliyotwaliwa usiku haina jirani wa kuitolea ushahidi.

Mwandishi wenu amepita haraka juu ya uhusiano wa Csák na Károly, nami nitapita vivyo hivyo. Novemba 1308 Csák alikutana na Kardinali Gentile katika monasteri ya Kékes na kukubali kumtambua Károly kuwa mfalme, kisha akaendelea na mambo yake. Mwaka 1311 jeshi lake lilifika mpaka chini ya Buda. Tarehe 15 Juni 1312 huko Rozgony, karibu na Kassa, Károly aliwashinda wana wa Amadé Aba, kabaila mwingine, pamoja na askari ambao Csák aliwapeleka kuwasaidia. Yeye mwenyewe hakwenda. Bado mfalme hakuweza kumng’oa. Aliweka makao yake mbali kusini, Temesvár, akasubiri. Kaskazini Csák aliishi kama mfalme, akiwa na watu wa baraza lake mwenyewe wenye vyeo vya kuiga vile vya ikulu.

Sasa nije kwenye kile kinachonifanya niandike. Mwanawe János alikufa kabla yake. Csák mwenyewe alifariki tarehe 18 Machi 1321, na jamaa yake mmoja, István, akajaribu kushika nafasi yake. Tarehe 8 Agosti Trencsén ilikuwa imeshasalimu amri kwa mfalme. Miezi mitano haikutimia. Milki iliyochukua zaidi ya miaka 25 kujengwa ilikwisha kabla ya mavuno ya mwaka huo kuingia ghalani. Walinzi wa ngome walimjua mtu mmoja, na mtu huyo alipokufa hawakuwa na sababu ya kufa kwa ajili ya kuta zake. Tena Károly hakuzigawa zile ngome ziwe mali za watu. Nyingi alizibakiza mikononi mwake na kuziweka chini ya wakuu walioshika ngome na mapato yake kwa muda wa cheo tu, jinsi ambavyo ingepaswa kuwa tangu siku ile Csák alipokabidhiwa Pozsony.

Kuhusu ushujaa, karne ya 19 iliwapata washairi na waandishi wa pande zote mbili, Waslovakia na Wahungaria, wakimfanya nembo ya kupigania uhuru. Naelewa kiu yao. Taifa lisilo na dola hutafuta baba popote. Hata nchi tambarare ya kusini mwa Slovakia, upande wa Váh na Danube, bado huitwa kwa jina lake: Mátyusföld kwa Kihungaria, Matúšova zem kwa Kislovakia, maana yake nchi ya Máté. Lakini mkulima aliyelima pale alibaki mkulima wa ngome kabla ya Csák, chini ya Csák na baada ya Csák.

Ndugu Mhariri, ninaomba mambo mawili. La kwanza, mahali palipoandikwa “mmiliki” paandikwe “mshikaji wa ngome”, au maneno mengine yatakayoonyesha kwamba mengi ya yale hayakuwa yake. La pili, kama mtarudi tena kwenye mada hii, anzeni na Nyitra. Mwulizeni mwandishi aeleze mji ule ulikuwaje kabla ya mwaka 1317 na watu wake walirudi kuishi vipi baada ya askari kuondoka. Makala hiyo nitaikata na kuibandika ukutani katika darasa ambalo bado naitwa kufundisha Jumamosi.

Wenu katika kazi,
Mwalimu mstaafu wa historia, Morogoro